Kuruka Majini Kutoka Juu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu kuruka kwa burudani kutoka ukutani, gatini, kwenye mwamba au jukwaa la bwawa. Mifano mingi ni ya Forodhani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa sababu pale ndipo watu wengi wanapowaona vijana wa makachu, yaani warukaji wa mbwembwe wa pale, wakijirusha jioni, na wao wakatamani kujaribu. Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwa jingine.

## Kabla ya kuanza

1. Lazima nijue kuogelea?

Ndiyo, na kujua kuogelea si kule kupiga maji mahali ambapo miguu inagusa chini. Uwe unaweza kuelea wima dakika mbili bila kushika kitu, kuogelea mita 50 bila kupumzika, na kuzama kabisa kisha ukaibuka bila kutapatapa. Kutoka mita 5 unaweza kushuka mita 3 chini ya maji, pua imejaa maji na hujui juu ni wapi. Anayeogopa kuzamisha kichwa aanzie hapo kwanza, ukuta hauendi popote.

2. Nianzie urefu gani?

Mita 1, kisha mita 2 au 3, kisha mita 5, na usipande juu zaidi mpaka umeingia majini wima mara nyingi mfululizo kwenye urefu ulipo. Mwendo unaofika nao majini unapanda haraka kuliko watu wanavyodhani: kutoka mita 1 ni kama kilomita 16 kwa saa, mita 3 ni 28, mita 5 ni 36, mita 10 ni 50. Kutoka mita 5 uko hewani sekunde moja tu. Ukianza kupinda huna muda wa kujirekebisha.

Urefu upimwe kutoka nyayo zako hadi kwenye maji ya wakati ule, wala si kutoka ukingo hadi chini ya ukuta. Ukitazama kutoka juu, macho yako yanaongeza kimo chako mwenyewe, ndiyo maana mita 3 huonekana kama 5. Ukitazama kutoka chini, mita 5 huonekana kama 3, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya.

Zaidi ya mita 10 si burudani tena. Tazama swali la 18.

3. Ni kweli kwamba kutoka juu sana maji huwa magumu kama saruji?

Hapana. Saruji haisogei kabisa, maji husogea. Shida ni kwamba hayasogei upesi wa kutosha kukupisha. Ukiingia kwa nyayo, eneo linalogonga ni dogo na mwili husimama polepole katika umbali wa mita kadhaa. Ukiingia kwa tumbo au mgongo, mwendo uleule unakatwa ndani ya sentimita chache, na kifua ndicho kinacholipa: michubuko, pumzi kukatika, na kutoka juu zaidi hata mapafu kuumia.

Kutupa jiwe mbele ili "kuvunja maji" hakusaidii kitu. Vinyunyizio unavyoviona kwenye mabwawa ya mashindano vipo ili mrukaji auone uso wa maji, kwani maji yaliyotulia hayaonekani vizuri kutoka juu. Kinacholainisha kweli ni mapovu mengi ya hewa yanayopulizwa kutoka chini ya bwawa, kama yanavyotumiwa mazoezini, na hayo huyapati gatini.

4. Kwa nini mnasisitiza miguu kwanza?

Kwa sababu ukikosea kina kwa miguu unavunja kifundo au kisigino. Ukikosea kwa kichwa unavunja shingo, mara nyingi pingili ya tano au ya sita, na mtu anaamka hajisikii kuanzia kifuani kwenda chini. Maji ya kifuani yanatosha kabisa kwa ajali hiyo. Hata ukijirusha kutoka ukingo wa bwawa tu, usiingie kwa kichwa mahali penye maji chini ya mita 2.7. Baharini, mtoni na ziwani, mruko wa kwanza wa siku ni wa miguu hata kwa mzoefu.

## Kina na maji yenyewe

5. Kina gani kinatosha?

Kipimo cha kuaminika ni kile cha mabwawa ya mashindano chini ya kanuni za World Aquatics, shirikisho la dunia la michezo ya majini. Chini ya ubao wa mita 1 maji yasipungue mita 3.4, ubao wa mita 3, na vilevile jukwaa la mita 5, mita 3.7, jukwaa la mita 10, mita 4.5, na inapendekezwa 5. Vipimo hivyo vimewekwa kwa wanaoingia kwa kichwa, kwenye sakafu safi isiyo na mawe. Anayeingia kwa miguu huzama kidogo kuliko hapo, lakini baharini chukua namba hizohizo bila kupunguza: ile ziada ndiyo inayofidia jiwe usiloliona na wimbi lililoshuka wakati unaruka.

Kina hicho kiwepo kwenye eneo zima unaloweza kuangukia, wala si nukta moja tu. Kwa hatua moja ya kawaida kutoka mita 5 unatua kama mita moja au moja na nusu mbele ya ukingo. Pima kuanzia ukutani hadi mita 4 mbele, na mita 2 kila upande.

6. Nitapimaje kina bila vifaa?

Tia bildi kama wavuvi. Chukua kamba isiyovutika, funga risasi au jiwe la kama nusu kilo, piga fundo kila mita moja. Kama huna futi kamba, nyosha mikono yote miwili: kutoka ncha ya vidole hadi ncha ya vidole ni pima moja, kama mita 1.8 kwa mtu mzima wa kawaida, yaani karibu sawa na kimo chako. Shusha mpaka kamba ilegee, ivute mpaka ikaze bila kuinua jiwe, kisha hesabu mafundo. Rudia sehemu kumi au zaidi. Kamba inayopeperushwa na mkondo inakuja na jibu la uongo, inaonyesha kina kikubwa kuliko kilichopo, kwa hiyo tumia uzito wa kutosha ishuke wima.

Kisha ingia mwenyewe kwa ngazi, si kwa kuruka, uzame ukiwa na miwani ya majini utazame chini. Kamba haikuambii kuhusu nanga iliyotelekezwa, nondo, gurudumu au mti uliolala. Jiwe dogo la kamba linapita kando ya nondo bila kuigusa, mguu wako hauna bahati hiyo.

7. Jana watu walikuwa wanaruka hapahapa. Leo nipime tena?

Pima tena, kwenye pwani yetu hasa. Unguja maji hupanda na kushuka karibu mita 4 kwenye bamvua kubwa (siku ambazo maji hujaa na kupwa sana), na kama mita 1 tu kwenye maji mafu (siku ambazo hujaa na kupwa kidogo). Ukuta ni uleule lakini mruko si uleule, na hasara inakuja mara mbili. Chukua ukuta ulio mita 2 juu ya maji yaliyojaa, chini yake kuna mita 4. Maji yakipwa mita 3, sasa unaruka kutoka mita 5 kwenda kwenye maji ya mita 1. Umeongeza mwendo na kupunguza breki kwa mpigo mmoja.

Wanaoumia mara nyingi si wageni wa bahari. Ni watu waliofika jioni moja maji yamejaa, wakaona raha, wakarudi siku nyingine saa ileile bila kutazama maji.

8. Basi ni saa ngapi nzuri?

Ruka kuanzia saa moja na nusu kabla ya maji kujaa hadi saa moja na nusu baada yake. Maji hayashuki kwa kasi moja. Ukigawa mshuko wote katika sehemu kumi na mbili, saa ya kwanza hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa mshuko wa mita 3.6 hiyo ni sentimita 30, kisha 60, kisha 90. Saa mbili baada ya kujaa umeshapoteza karibu mita moja, na saa moja zaidi ni karibu mita mbili. Anayesema "maji yamepungua kidogo tu" yumkini yuko ukingoni mwa saa ya tatu.

Kuhusu siku: bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu. Siku hizo Unguja maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne na nusu. Ndiyo maana Forodhani hunoga jioni za bamvua. Kila siku inayofuata kujaa kunachelewa kama dakika 50, hivyo kufika tarehe 8 au 9 ya mwezi wa Kiislamu mambo yamegeuka: saa kumi alasiri maji yako katika kupwa. Ni kupwa kwa maji mafu, hayaendi mbali, lakini bado yako chini sana ukilinganisha na jioni ya bamvua uliyoizoea. Pata jedwali la maji la bandari iliyo karibu nawe. La Mombasa usilitumie Mtwara.

9. Maji ni maangavu, naona chini. Bado nipime?

Bado. Maji hukunja mwanga, kwa hiyo ukitazama wima kutoka juu chini huonekana karibu zaidi: mita 4 huonekana kama 3. Ukitazama kwa pembe, hitilafu inazidi. Kosa hilo peke yake halikuumizi, lakini linakufanya usiamini macho, na mwisho unakisia. Maji ya tope baada ya mvua ni suala tofauti kabisa: usiruke, hata kama ulipima juzi.

10. Nitazame nini kingine kabla ya kuruka?

Njia ya kutokea kwanza. Ukuta unaoupanda kirahisi maji yamejaa unaweza kuwa juu ya kichwa chako saa mbili baadaye, umejaa chaza wanaokata mikono. Kisha mkondo: tupa kipande cha ubao au ganda la dafu na ukitazame dakika moja. Kikienda zaidi ya mita 30, yaani nusu mita kwa sekunde, mwogeleaji wa kawaida hataweza kurudi alikoanzia. Kisha vyombo, maana mbele ya Forodhani boti hupita na kugeuza bila kutarajia mtu angani. Mtu mmoja akae majini pembeni kama mwangalizi, na asiruke mwingine mpaka yeye ainue mkono. Giza likiingia, acha.

## Namna ya kuruka

11. Nipeni hatua za mruko wa miguu.

Simama ukingoni, vidole vya miguu vikishika ukingo. Kama panateleza, mwaga maji na kusugua ukoga kwanza, kwani anayeteleza huanguka kando ya ukuta kabisa. Tazama mbele, kwenye upeo wa macho. Vuta pumzi ya kawaida, usiijaze mapafu hadi mwisho.

Piga hatua moja mbele na kuacha mguu wa nyuma uufuate. Usiruke juu, kwa sababu kila sentimita unayopanda utaishuka. Hewani weka mikono wazi kidogo kama mtu anayetembea kwenye ubao mwembamba, miguu imefungana. Maji yakikaribia, bana mikono kwenye mapaja au ikunje kifuani, kaza makalio, kaza tumbo, funga mdomo, ulimi ndani. Magoti yawe yamenyooka bila kukakamaa.

Ukishazama, fungua mikono na miguu mara moja, hiyo ndiyo breki yako. Toa pumzi puani, fuata mapovu yanakoelekea, ibuka na usogee pembeni.

12. Kwa nini kukaza makalio?

Swali hili huulizwa kwa kucheka, lakini jibu si la kuchekesha. Maji huingia kwa nguvu kwenye kila tundu la mwili, na watu wamechanika ndani kwa sababu ya kutua miguu imeachana. Kwa wanawake hatari ni hiyohiyo ukeni. Kaptula ya kubana, ya kitambaa kizito, husaidia sana kuanzia mita 5. Wanaume nao wanajua kwa nini miguu ifungane.

13. Kila nikiruka naangukia tumbo au makalio. Nakosea wapi?

Macho. Ukitazama maji, kichwa huinama, mabega yanafuata, na mwili unalalia mbele. Ukiogopa na kujirudisha nyuma, unatua kwa makalio, na hapo mshtuko unapanda moja kwa moja hadi pingili za kiunoni. Chagua kitu cha mbali, kama tanga la ngalawa au kisiwa, kitazame mpaka nyayo ziguse maji. Kama bado unapinda, rudi mita 1 uanze tena. Ni kazi ya marudio, ujasiri hauhusiki.

14. Nivae nini? Na pua je?

Nguo ya kubana. Fulana pana hupanda usoni, kanga hukunasa miguu. Vua cheni, pete, hereni, saa na lenzi za macho. Miwani ya majini pia, maana hugonga uso. Viatu vyepesi vya kufunga vinafaa kwenye mawe na matumbawe.

Pua unaweza kuibana kwa mkono hadi mita 3, kiwiko kikiwa kimebanwa kifuani. Juu ya hapo mkono wako mwenyewe unaweza kukupiga usoni; puliza puani unapoingia.

15. Kukimbia na kupinduka kama wale vijana?

Wale hujua kila jiwe la pale, na wengi walianza utotoni. Kukimbia kunakutupa karibu na mwisho wa eneo ulilopima (kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde, kutoka mita 5 unatua mita 3 mbele) na nyayo mbichi huteleza hatua ya mwisho. Kupinduka kujifunzwe bwawani, kwa mwalimu. Usiruke watu wawili mkishikana mikono: mmoja huchelewa, na wote wawili wanatua wamepinda.

## Mito, maporomoko na maziwa

16. Kuruka chini ya maporomoko kuna tofauti?

Ipo kubwa. Yale maji meupe yamejaa hewa, hayakubebi vizuri, kwa hiyo unazama zaidi na kuibuka kwa shida. Na chini yake mkondo huzunguka ukikurudisha kwenye ukuta wa maji. Ruka mbali na povu au usiruke. Mafuriko ya usiku mmoja huleta magogo na mawe kwenye dimbwi ulilolijua mwaka mzima.

Maji ya milimani, kama ya miteremko ya Kilimanjaro, ni baridi. Chini ya nyuzi 15 mwili hushtuka na kuvuta pumzi bila hiari, ikitokea kichwa kiko chini unameza maji. Ingia kwanza taratibu, lowanisha uso na kifua, subiri pumzi itulie.

Kwenye Ziwa Victoria na maziwa mengine, ongeza kichocho, mamba na viboko. Waulize wavuvi wa pale pale. Kibao cha onyo kinaweza kuwa kiling'olewa zamani.

## Watoto, pombe na urefu wa kupindukia

17. Nani asiruke kabisa?

Mjamzito, mwenye kifafa, mwenye matatizo ya moyo au mgongo, aliyetoboka ngoma ya sikio au mwenye mafua ya kuziba, na aliyekunywa hata bia moja. Mtoto asipande ukuta kabla ya kutimiza masharti ya swali la 1, na mtu mzima awe ndani ya maji, si juu akipiga picha.

18. Mbona kuna watu wanaruka mita 27?

Wapo. Kwenye mashindano ya dunia ya World Aquatics, ambako mchezo huo uliingia Barcelona mwaka 2013, wanaume huruka kutoka mita 27 na wanawake mita 20. Wote huingia kwa miguu, na waokoaji wako majini wakiwasubiri. Hufika kwa karibu kilomita 80 kwa saa. Kwenye daraja la Stari Most mjini Mostar, Bosnia, wenyeji huruka kama mita 24 kwenye mto Neretva, na mgeni anayetaka hufunzwa kwanza kwenye urefu mdogo. Hao wote wametumia miaka kupanda mita moja moja.

## Ajali ikitokea

19. Mtu amegonga kichwa chini. Tufanye nini?

Mchukulie kuwa shingo imevunjika hadi daktari aseme vinginevyo. Ingia majini polepole, usimrukie karibu. Kama amelala kifudifudi, nyosha mikono yake yote miwili juu ya kichwa, ibane kwenye masikio yake ili kichwa kisicheze, msukume mbele kidogo huku ukimgeuza uso juu. Mwache akielea hivyo, mtu mwingine akishika kiuno. Mkipata ubao, mlango au ubao wa mtumbwi, upitisheni chini yake ndani ya maji, kisha mumwinue akiwa amelala.

Msimvute kwa makwapa, msimkalishe, msimpakie kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Tanzania piga 112, au 114 kwa Zimamoto na Uokoaji. Kenya 999 au 112.

20. Na kama hapumui?

Pumzi hutangulia shingo. Mtoeni haraka, mlazeni mahali pagumu, inua taya, mpulizie pumzi 5, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 na pumzi 2, mkiendelea hivyo bila kuacha. Kina cha kukandamiza ni sentimita 5 hadi 6, kasi 100 hadi 120 kwa dakika. Msimminye tumbo kutoa maji: matapishi ndiyo yatakayotoka na kuingia mapafuni.

21. Nimetoka mwenyewe, lakini mgongo unauma. Nisubiri kesho?

Usisubiri kama kuna ganzi au kuwashwa mikononi au miguuni, mkojo kugoma, kukohoa damu, kichwa kinachozidi kuuma, kutokwa damu sehemu za siri, au maumivu kwenye mfupa wa katikati ya mgongo ukibonyezwa. Pingili iliyobonyea inaweza kumruhusu mtu kutembea hadi nyumbani. Lala chali usafirishwe hivyo. Wekundu wa ngozi peke yake hupoa ndani ya siku moja au mbili.

## Ukilazimika

22. Nikiwa kwenye meli inayozama, niruke vipi na jaketi la kuokolea?

Shuka kwanza hadi sehemu ya chini kabisa unayoweza kufika. Majaketi ya meli hutengenezwa kuhimili mruko wa mita 4.5 mvaaji akiwa amelishika. Ukiruka bila kulishika, maji hulisukuma juu na likakupiga kidevu na shingo. Kaza kamba zote. Kama ni la kujazwa upepo, usilijaze kabla ya kuruka.

Hakikisha chini hakuna mtu wala mabaki. Mkono mmoja ubane pua na mdomo, mwingine upite juu yake na kulivuta jaketi chini kwa nguvu, viwiko vimebanwa. Tazama mbele, piga hatua moja, pishanisha miguu kwenye vifundo. Ukiibuka, ogelea mbali na meli kinyumenyume, kisha shikaneni na wengine.